Kuchokoa Kombe Pwani

Mkaaji wa Kaloleni au Bahati atakaye kwenda Pwani kuchokoa kombe, yaani wanyama wa bahari wenye gamba la pande mbili wajifichao mchangani, na autazame mwezi kwanza. Mwezi uandamapo na uwapo mpevu huja bamvua: maji ya Mombasa hupwa mbali mnamo saa nne asubuhi. Na afuatane na akina mama wenyeji, maana huzijua dalili zote. Wadogo waachwe wakue. Maji yaanzapo kujaa arudi mara moja, hata kikapu kikiwa kitupu. Bahari hupitia mabondeni kwanza ikamzingira mtu kwa nyuma. Katika mbuga za bahari za Malindi na Watamu, zilizowekwa mwaka 1968, kuokota ni marufuku. Wa karibu na maji machafu wasiliwe. Kuchemsha hakuondoi kila sumu.