Bastola ya Kale Nyumbani

Msomaji wa Bagamoyo, ukikuta bastola ya kale katika kasha la marehemu babu yako, usiiguse, bali waite polisi. Sheria ya mwaka 2015 hairuhusu silaha pasipo kibali. Lakini yafaa ujue ubovu wake ulipo.

Chukua mfano wa bastola ya jeshi la Wajerumani ya mwaka 1879. Silinda yake ina matundu sita, wala haina chombo cha kutolea maganda. Husukumwa moja moja kwa kijiti. Basi risasi iliyoshikwa na kutu yaweza kubaki ndani, nawe ukadhani ni tupu.

Nyundo ivutwapo, kidole cha chuma husukuma meno ya silinda hata tundu lilingane na mtutu, kisha komeo huishika. Hewa ya chumvi ya pwani yetu hula vyuma hivyo. Vikilika, tundu hukaa upande, risasi hugonga ukingo wa mtutu, na vipande vyake huruka ubavuni. Mlio wa nyundo hausemi neno juu ya hayo! Kwa hiyo fundi mwenye leseni, akiisha kurudisha silinda na mhimili wake, huizungusha polepole, tupu, akitazama komeo katika kila tundu, yote sita.