Windows Mpya, Folda Hazifunguki

Msaada wa kawaida wa Microsoft kwa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za nyumbani zimehamia Windows 11. Baada ya kuhama, malalamiko ni yale yale. Intaneti ipo, video zinacheza, lakini folda ya picha iliyo kwenye kompyuta ya sebuleni, au diski iliyochomekwa kwenye ruta, haionekani tena. Au inaonekana, na ukiibofya unaambiwa njia ya mtandao haikupatikana, pamoja na namba isiyosema kitu kwa mtu wa kawaida: 0x80070035. Fundi anaitwa, naye huwa na dawa mbili: kurudisha Windows ya zamani, au kuzima kila ulinzi anaoukuta mpaka folda ifunguke. Dawa zote mbili zinatokana na dhana kwamba toleo jipya limeharibu kitu. Mimi naona mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kompyuta imekataa, tena kwa sababu zinazojulikana, na kabla ya kugusa mpangilio wowote inafaa kujua ni nani aliyekataa na amekataa nini.

Kompyuta za Windows hupeana faili kwa itifaki iitwayo SMB, iliyozaliwa katika kampuni ya IBM miaka ya 1980, wakati mtandao wa ofisi ulikuwa wa watu wanaojuana. Toleo lake la kwanza, SMB1, liliamini kila mtu mno. Toleo la pili lilikuja na Windows Vista, la tatu na Windows 8 mwaka 2012, lakini lile la kwanza liliachwa ndani ya kila kompyuta ili vifaa vya zamani visitengwe. Gharama ya huruma hiyo ilionekana tarehe 12 Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilipopenya kupitia kasoro ya SMB1, kikasambaa duniani kote na kuvuruga hospitali za Uingereza kiasi cha wagonjwa kuahirishiwa matibabu. Kiraka cha kuziba kasoro hiyo kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo, ila kompyuta nyingi hazikuwa zimekiweka. Oktoba 2017 Microsoft ikaanza kuiondoa SMB1 katika Windows 10. Mwaka uliofuata ikafuta pia HomeGroup, njia rahisi ya kushirikisha faili iliyokuja na Windows 7. Kisha toleo la 24H2 la Windows 11, lililotoka Oktoba 2024, likaongeza masharti mawili kwenye Windows 11 Pro: kila ujumbe wa SMB uwe na saini ya kielektroniki, na kompyuta isikubali kuingia kwingine kama mgeni, bila nywila. Masharti hayo mawili yanakwenda pamoja, kwa kuwa ufunguo wa kutia saini hutokana na nywila. Asiye na nywila hana cha kusainia.

Sasa turudi kwenye folda. Kwenye kompyuta yenye faili, fungua dirisha la amri, andika ipconfig, usome anwani yake ya IP. Tuseme ni 192.168.1.20. Nenda kwenye kompyuta ya pili, na kwenye upau wa anwani wa dirisha la faili andika \\192.168.1.20. Folda zikifunguka, ushirikishaji ni mzima. Kilichokosekana ni orodha ya majina tu, ambayo zamani ilitegemea SMB1. Weka njia ya mkato yenye namba hiyo, na kwenye ruta uifunge namba isibadilike. Kukiwa kimya kabisa, tazama mtandao umepewa hadhi gani. Windows ikiuona kama mtandao wa umma, faiawoli huzuia wengine wasifikie faili zako, na inatosha kuchagua Private, yaani mtandao wa faragha. Ukiulizwa jina na nywila, hiyo ni habari njema, ingawa ndipo watu wengi wanapokata tamaa. Wanaandika ile PIN wanayofungulia kompyuta kila asubuhi, inakataliwa, wanaiandika tena. PIN ni ya kifaa kimoja tu na haisafiri kwenye mtandao. Kinachotakiwa ni nywila ya akaunti, ambayo mwenyewe huenda ameshaisahau. Nafuu ni kufungua kwenye kompyuta yenye faili akaunti ndogo ya hapo hapo, yenye jina na nywila yake, kwa ajili ya kazi hii peke yake. Ukiambiwa waziwazi kwamba wageni wamezuiwa, tatizo liko upande wa pili: diski au ruta haijawekewa nywila. Iwekee.

Kuna atakayesema haya ni mambo ya benki na hospitali, nyumbani nani atakuvamia? Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mtandao wa nyumbani ungekuwa wa nyumba moja. Katika nyumba nyingi za kupanga mijini, ruta ni moja na nywila ya Wi-Fi wanaijua wapangaji wote, wageni wao na watoto wa jirani. Simu au laptopu ikishaingia humo, iko upande wa ndani pamoja na wewe, na folda isiyo na nywila ni ya wote. WannaCry nayo, ikishapata kompyuta moja, ilijitafutia zingine kwenye mtandao ule ule bila mtu kubofya chochote.

Hoja ya pili ni nzito zaidi. Printa yenye skana iliyonunuliwa miaka kumi iliyopita bado inachapa vizuri, ila inajua SMB1 tu. Kwa nini mwenye duka la stationery aitupe kwa sababu kampuni ya Marekani imebadili sera? Ana haki ya kunung'unika, na lawama nyingine ni ya watengenezaji walioendelea kuuza vifaa vya itifaki ya kale miaka mingi baada ya mpya kupatikana. Lakini hana haja ya kuitupa. Skana nyingi huweza kuhifadhi kwenye flashi au kutuma kwa barua pepe. Diski iliyo kwenye ruta inaweza kuchomolewa, ikachomekwa kwenye kompyuta moja na kushirikishwa kutoka hapo. Huenda pia mtengenezaji ametoa programu mpya ya ruta yenye SMB2. Kuirudisha SMB1 kupitia orodha ya vipengele vya Windows kunawezekana, na kwa kuhamisha faili za jioni moja sioni ubaya mkubwa. Ila kumbuka kuiondoa kwa mkono wako. Windows ina kanuni ya kuifuta SMB1 ikikaa siku 15 bila kutumika, lakini hufanya kazi mara moja tu. Mtu akiirudisha mwenyewe, haiguswi tena.