Mvutano juu ya mvutano: Weyl alipodai urefu hubadilika njiani

Mfanyabiashara wa vitambaa anayevuka mpaka ana imani moja asiyoitamka: mita aliyopimiwa aliponunua ndiyo mita atakayopimia anapouza, apite njia yoyote. Mwaka 1918 Hermann Weyl, mtaalamu wa hisabati Mjerumani aliyefundisha Zürich, Uswisi, aliitilia shaka imani hiyo. Aliyemjibu ni Albert Einstein mwenyewe.

Novemba 1915, mjini Berlin, Einstein alikuwa amekamilisha nadharia yake ya mvutano. Kwa maelezo yake, jua haliivuti dunia kwa kamba isiyoonekana. Linapinda anga na wakati, nayo dunia hufuata mpindo huo. Mvutano ukawa jiometri, lakini umeme na sumaku vikabaki nje.

Weyl alitaka kuviingiza. Katika jiometri ya Einstein, mshale uliosafirishwa kwa njia mbili unaweza kufika ukielekea pande tofauti, ila urefu wake ni uleule. Kwa nini mwelekeo utegemee njia na urefu usitegemee? Weyl akauachia urefu nao ubadilike njiani, na hesabu zilizotokea zikafanana na za umeme na sumaku. Einstein aliusifu ubunifu huo.

Kisha akaukataa. Urefu ukitegemea njia, alisema, mwendo wa saa nao utaitegemea, na kila atomu ni saa. Atomu mbili za haidrojeni zenye safari tofauti zingetoa mwanga wa rangi tofauti. Lakini haidrojeni, itoke wapi, ikipimwa mahali pamoja hutoa rangi zilezile. Pingamizi hilo lilichapishwa mwishoni mwa makala ya Weyl yenyewe, pamoja na majibu yake. Ni nadra bidhaa kuuzwa na kasoro yake ikiwa imebandikwa kwenye mfuko.

Wengine walijaribu kwingine. Mwaka 1921 Theodor Kaluza aliongeza kipimo cha tano. Mwaka uliofuata Mfaransa Élie Cartan aliruhusu anga kujisokota. Nadharia ya Einstein haikung'oka.

Weyl naye hakuitupa hesabu yake. Mwaka 1929 aliihamishia kwenye fizikia mpya ya atomu: kinachobadilika njiani si urefu, bali zamu ya wimbi la elektroni kupanda na kushuka. Huko ikakubali. Elektroni zikipitishwa pande mbili za koili yenye sumaku ndani yake, zikikutana tena mawimbi yake huwa yamepishana, hata kama hazikuigusa sumaku hiyo.