Kizunguzungu kwa Kireno si neno moja

Wenzangu mnaosoma tafsiri, na nyie mnaojifunza Kireno mkiwa na macho yenu Msumbiji, nina ombi. Ukikutana na "dizzy" kwenye maandishi ya Kiingereza, usikimbilie "vertigem". Najua tunavyofika huko. Kichwani tunapitia Kiswahili kwanza: "dizzy" ni kizunguzungu, kizunguzungu kinatoka kwenye kuzunguka, na "vertigem" nayo asili yake ni "vertere", kugeuza kwa Kilatini. Tunaona tumepata pacha. Kumbe hapo ndipo tunapoteleza.

Neno letu lina umbo la mzunguko, lakini kazi yake ni pana mno. Aliyeshinda na njaa ana kizunguzungu, aliyeinuka ghafla kitandani anacho, aliyeshuka kwenye bembea ya kuzunguka naye hivyohivyo. Madaktari hawawaweki kundi moja. Mwaka 1972 Drachman na Hart waliyagawa malalamiko haya mafungu manne: "vertigo", yaani kuhisi wewe au chumba kinazunguka, kuhisi unataka kuzimia, kuyumba ukitembea, na ule wepesi wa kichwa ambao hata mgonjwa mwenyewe anashindwa kuueleza. "Dizziness" ni kapu linalobeba yote manne.

Kwa Kireno kapu hilo ni "tontura", na mara nyingi utaisikia kwa wingi, "tonturas". Kwa daktari, "vertigem" ni lile fungu la kwanza tu. Karatasi ya meflokwini, dawa ya malaria, inataja yote mawili kama madhara tofauti; mtafsiri mwenye neno moja atafanya nini hapo? Na hospitali ni mbaya zaidi. Mgonjwa anasema anapata "tonturas" kila akisimama, mkalimani anamwambia daktari "vertigo", basi daktari anaanza kuwaza sikio la ndani wakati pengine ni presha inayoshuka.

"Lightheaded" usiitafsiri kipande kwa kipande. Ukianza kucheza na vichwa vyepesi kwa Kireno utajikuta karibu na "cabeça de vento", kichwa cha upepo, na huyo ni mtu asiyetuliza akili, si mgonjwa. Kama maana ni kukaribia kuzimia, andika "sensação de desmaio", umemaliza.

Sasa "tonto", neno ninalolipenda kuliko yote. "Estou tonta" anasema mwanamke mwenye kizunguzungu. "És tonta" unamwambia mwanamke kwamba ni mjinga. Kinachobadilika ni kitenzi tu: "estar" kwa hali ya kupita, "ser" kwa jinsi mtu alivyo. Mtu akikosea hapa kwenye mtihani anapoteza alama. Akikosea wodini anatukana. Na msidhani Wareno ndio wa ajabu. "Dizzy" yenyewe kwenye Kiingereza cha kale, "dysig", ilikuwa na maana ya mpumbavu, na "giddy" ilianza kwa mtu mwenye wazimu. Ndiyo maana "giddy" ya leo, ile ya furaha iliyopitiliza, haifai kuwekewa "tontura" hata kidogo. "Louca de alegria" inatosha.

Wenye filamu walikimbia tatizo kabisa. "Vertigo" ya Hitchcock, ya 1958, Brazil waliiita "Um Corpo que Cai", mwili unaoanguka. Ureno wakaiita "A Mulher que Viveu Duas Vezes", mwanamke aliyeishi mara mbili. Sisi hatuna uhuru huo tukiwa na cheti cha mgonjwa mkononi.

Kwa hiyo mimi naandika "tontura" kwanza, halafu, kama mgonjwa yupo, naomba ruhusa ya daktari nimuulize maswali mawili. "Anda tudo à roda?", yaani kila kitu kinazunguka? Na "Sente que vai desmaiar?", unahisi utazimia? Akijibu ndiyo kwa la kwanza, hapo ndipo "vertigem" inaingia.