Vijipicha vya Hati Vihifadhiwe Wapi?

Mtu anayeandika kwa kompyuta hati yenye fomyula za hesabu hutengenezewa na programu picha za matumizi mawili. Baadhi humwonyesha kwenye skrini, angali anaandika, jinsi fomyula zitakavyoonekana. Nyingine huingia katika hati iliyokamilika, iwe ukurasa wa wavuti au kitabu cha kielektroniki, na kwenda kwa msomaji. Kwa macho zote zinafanana, lakini za kwanza zikifutwa huchorwa upya, ilhali za pili zikikosekana msomaji hubaki na pengo. Kwa sababu hiyo hazistahili kukaa pamoja: za kumwonyesha mwandishi zikae kwenye akiba ya muda, za hati ziandamane na hati.

Programu ya Org, inayotumika ndani ya kihariri cha maandishi cha Emacs, inaonyesha ugumu wa jambo hili. Fomyula iliyoandikwa kwa LaTeX, mfumo wa kupanga maandishi ya hesabu, hugeuzwa picha, na kwa muda mrefu, kama hukubadilisha mipangilio, picha ziliwekwa katika folda iitwayo ltximg kando ya faili lako. Jina la picha hutokana na maandishi ya fomyula yenyewe, hivyo ukirekebisha alama moja tu, inatengenezwa picha mpya yenye jina jingine. Anayesahihisha sana hujikuta na folda iliyosheheni picha asizozihitaji tena, wala hajui ipi ingali inatumika.

Wengine walishapita njia hii. Windows XP iliweka vijipicha, yaani nakala ndogo za kuonyesha picha, katika faili la Thumbs.db ndani ya folda za picha. Windows Vista ikavihamishia vijipicha hivyo kwenye akiba moja ya kila mtumiaji. Kwenye Linux, kanuni za freedesktop.org zinaviweka katika folda ya akiba iliyo chini ya folda binafsi ya mtumiaji, pamoja na kumbukumbu ya lini faili la asili lilibadilishwa, ili kijipicha kilichopitwa na wakati kitambulike. Pande zote mbili zilifikia uamuzi uleule: kinachoweza kutengenezwa upya kisichanganywe na kazi za mtu.

Hata hivyo, kuhamishia kila kitu kwenye akiba ni kosa la upande wa pili. Ukurasa wa HTML kwa kawaida haubebi picha ndani yake. Hutaja tu mahali zilipo. Zikiwa ndani ya akiba, ukurasa utafunguka vizuri kwa mwandishi, lakini ukipelekwa kwenye seva picha hazitaonekana. Miundo ya EPUB na ODT imeepuka tatizo hili kwa kufunga maandishi na picha katika faili moja. HTML nayo inaweza kubeba picha zikigeuzwa maandishi kwa mfumo wa base64, ingawa ukubwa wa picha huongezeka kwa karibu thuluthi moja.

Wapo watakaosema kwamba kutunza nakala mbili, moja kwenye akiba na moja pamoja na hati, ni kupoteza nafasi na muda. Lakini picha ya fomyula ni ndogo, na programu inaweza kuichora mara moja kisha ikainakili. Hoja nzito zaidi ni ya anayefanya kazi kwenye kompyuta mbili, moja ikiwa haina LaTeX: huyo anahitaji picha zisafiri na faili lake. Apewe nafasi ya kuchagua hivyo, bila kuwalazimisha wengine wote. Ipo pia hofu ya siri kufichuka, kwani akiba inaweza kubaki na kijipicha cha hati iliyokwisha kufutwa. Hofu hiyo ni ya haki, ila Thumbs.db nalo lilibaki na vijipicha vya picha zilizofutwa, tena ndani ya folda ambayo mtu angeweza kumpa mwenzake. Dawa ni kuifungia akiba isisomwe na wengine na kuisafisha mara kwa mara.

Mtengenezaji wa programu na ajiulize swali moja kabla ya kuchagua folda: je, picha hii itahitajika kompyuta ya mwandishi ikiwa imezimwa? Kama ndiyo, iende na hati. Nawe mwandishi, kabla ya kutuma kazi yako, ifungue kwanza kwenye kompyuta nyingine.