Nyumba za juu ya maji Kilombero: Mambo ya kujua kabla ya safari

- Bondeni Kilombero hakuna kijiji cha kudumu juu ya maji. Kuna madungu, na yana msimu wake.
- Mwisho wa Mei hadi Julai ndiyo wakati mzuri zaidi wa kwenda.
- Chandarua, boya na ruhusa ya mwenyeji ni vya lazima, hata kwa safari ya siku moja.

Ifakara. Mgeni akishuka kwenye basi hapa Ifakara na kuuliza kile kijiji kilichojengwa juu ya maji kiko wapi, wenyeji wanaweza kumtazama mara mbili. Akiuliza madungu yako wapi, ataelekezwa mara moja.

Tofauti ya maneno hayo mawili ndiyo inayoamua kama safari itafana au mtu atarudi na picha za majani matupu.

Dungu ni nini?

Dungu ni kibanda kilichonyanyuliwa juu ya nguzo. Miti minne au zaidi huchimbiwa ardhini, juu yake hutandazwa jukwaa la fito, kisha huezekwa kwa nyasi. Mtu hupanda kwa ngazi ya miti.

Kazi yake kubwa ni kulinda mpunga. Kutoka juu mkulima anaona kundi la ndege likishuka upande wa pili wa shamba, au nguruwe pori wakitikisa mashina usiku. Bonde likijaa maji, dungu linakuwa pia pahali pakavu pa kulala na kuweka chakula.

Kwa mtu anayeishi Lipangalala, moja ya kata za mji wa Ifakara, hilo si jambo la kushangaza. Familia nyingi za huku zina makazi mawili: nyumba ya mjini, na kibanda cha shamba kule bondeni. Msimu wa kilimo ukifika, wazazi wanahamia shambani kwa wiki au miezi, na mara nyingi watoto wa shule wanabaki mjini na bibi au shangazi.

Kwa hiyo dungu si kivutio kilichojengwa kwa ajili ya watalii. Ni ofisi, chumba cha kulala na ghala, vyote kwa pamoja.

Kwa nini halikuwa kijiji?

Jibu liko kwenye maji yenyewe. Bonde la Kilombero lipo chini ya Milima ya Udzungwa upande mmoja na nyanda za juu za Mahenge upande mwingine. Mvua zikinyesha kuanzia Novemba au Desemba hadi Mei, mito inashuka kwa pamoja na Mto Kilombero unatanuka. Maji hufika kilele karibu na Aprili. Baadaye yanarudi, na yanaacha tope lenye rutuba.

Eneo la ardhioevu la bonde hili, lenye kilomita za mraba zipatazo 7,967, liliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Mkataba wa Ramsar, yaani ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa. Maji yake huenda kuungana na ya Mto Luwegu, na hapo ndipo Rufiji inapozaliwa. Zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero.

Maji yanayokuja na kuondoka hayahitaji kijiji cha kudumu juu ya nguzo. Yanahitaji nyumba ya muda, ya kujenga haraka na kuiacha bila kilio.

Kule Benin, Afrika Magharibi, mambo ni tofauti. Mji wa Ganvié umesimama juu ya nguzo ndani ya Ziwa Nokoué, na ziwa halikauki. Watu wa kabila la Tofinu walikimbilia humo karne nyingi zilizopita ili kuwakwepa wakamata watumwa wa ufalme wa Dahomey. Leo kuna maduka, shule na soko la mitumbwi, na watalii wanafika kwa boti kutoka nchi kavu.

Rufiji nako madungu yalikuwa makazi ya kawaida ya msimu wa mafuriko. Baada ya mafuriko makubwa ya 1968, Serikali iliendesha Operesheni Rufiji na kuwahamishia watu kwenye vijiji vya mwinuko. Mashamba yalibaki chini bondeni, na wakulima wakaendelea kuyafuata huko huko.

Nenda lini?

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Mwaka wa bonde unaweza kugawanywa hivi:

*Januari hadi Aprili.* Maji yanapanda. Picha ni nzuri lakini huu si msimu wa matembezi. Njia za mashambani hukatika na mito inaweza kujaa ghafla. Katika mvua kubwa za 2024 maji yaliingia hadi kwenye nyumba za watu Ifakara na maeneo mengine ya bonde. Mtu anayeokoa magodoro yake hana muda wa kumtembeza mgeni, na si haki kumwomba.

*Mwisho wa Mei hadi Julai.* Mvua zimepungua, maji yanaondoka taratibu, mpunga unaiva na kuvunwa. Madungu yana watu, mabwawa bado yana maji na samaki, na asubuhi kuna baridi kidogo. Mwenye nafasi ya kwenda mara moja tu achague kipindi hiki.

*Agosti hadi Oktoba.* Bonde limekauka na barabara ni nzuri. Madungu mengi yanakuwa matupu, mengine yameanguka. Kwa mtu wa ndege, wanyama na kambi za wavuvi kando ya mto, hiki nacho ni kipindi kizuri. Ila asitarajie nyumba juu ya maji.

*Novemba na Desemba.* Watu wanalima na kupanda. Joto ni kali na mvua ya kwanza inaweza kunyesha wakati wowote.

Unafikaje?

Kutoka Dar es Salaam, mabasi hupita Morogoro na Mikumi, kisha yanakata kushoto kwenda Kidatu, Mang'ula na Ifakara. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, kilomita 66.9, kilikuwa maarufu kwa vumbi na mashimo. Sasa kina lami. Safari inachukua karibu siku nzima, kwa hiyo basi la alfajiri ndiyo chaguo sahihi.

Treni ya TAZARA nayo ina stesheni Ifakara. Inapita kwenye mandhari nzuri ya milima na mito, lakini haina safari kila siku na ratiba hubadilika. Mwenye haraka asiitegemee.

Kilomita chache kusini mwa mji ni Kivukoni, ambako barabara ya Mahenge na Malinyi inavuka mto. Kwa miaka mingi watu na magari walivushwa na pantoni. Januari 2016 kivuko cha MV Kilombero II kilizama kwenye upepo na mvua. Leo kuna Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa rasmi Mei 2018. Ukisimama juu yake mwezi Juni unaelewa bonde lote kwa mtazamo mmoja: maji, matete, mitumbwi, na mashamba yanayoanza kuwa ya dhahabu.

Kutoka mjini hadi mashambani usafiri ni bodaboda au bajaji, na mwisho miguu. Bei ipatanwe kabla ya kupanda, pamoja na muda wa kurudi.

Ruhusa kwanza, picha baadaye

Hatua ya kwanza si kukodi mtumbwi. Ni kwenda ofisi ya mtendaji wa kijiji au mtaa na kujitambulisha. Hilo linachukua dakika chache na linaokoa maswali mengi mbele ya safari. Ofisi hiyo hiyo inaweza kumuunganisha mgeni na mwenyeji mwenye shamba.

Pia kuna mipaka ya kuijua. Sehemu ya bonde ni Pori la Akiba Kilombero, lililopandishwa hadhi mwaka 2023 na kusimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Kuingia humo bila kibali ni kosa. Mgeni aulize mapema njia anayopelekwa inapita wapi, asiachie jambo hilo kwa dereva wa boda.

Kwenye dungu lenyewe, adabu ni ile ile ya nyumbani kwa watu. Hodi hupigwa chini, kabla mguu haujagusa ngazi. Wazee wanasalimiwa shikamoo. Viatu vya matope vinabaki chini. Hakuna kupanda wengi kwa pamoja. Zile fito zimepimwa kwa uzito wa familia, si wa kikundi cha wageni saba.

Picha zinaombwa. Ganvié inajulikana kwa wakazi wanaofunika nyuso zao wakiona kamera, kwa sababu wamechoka kupigwa picha kama vitu vya maonyesho. Kilombero haijafika huko, na ni vizuri isifike.

Kama mwenyeji ameacha kazi ili kumtembeza mgeni, alipwe. Siku ya mavuno ina thamani yake. Kununua mpunga wake au samaki wa jirani yake ni njia nyingine ya kushukuru.

Mbu: hapa hakuna mchezo

Bonde hili limefundisha dunia mengi kuhusu malaria. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo mizizi yake ni maabara ndogo iliyoanzishwa na watafiti wa Uswisi miaka ya 1950, ilifuatilia matumizi ya vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990. Matokeo yaliyochapishwa 2001 yalionyesha kuwa vyandarua hivyo viliongeza uhai wa watoto wa mwezi 1 hadi miaka 4 kwa asilimia 27.

Je, kulala juu kunasaidia? Kwa kiasi, ndiyo. Utafiti uliofanyika Gambia na kuchapishwa 2021 ulijaribu vibanda vinavyonyanyuliwa. Kibanda kilipofika mita 3 kutoka ardhini, mbu wa malaria walioingia walipungua kwa takriban asilimia 84 ukilinganisha na kibanda cha chini.

Ila wale waliokuwa vibanda vya majaribio vyenye kuta na milango. Dungu la kawaida liko wazi pande zake, na mtu hushuka jioni kupika, kuoga na kuongea. Chandarua chenye dawa hakikwepeki. Nguo za mikono mirefu na dawa ya kupaka navyo viingie kwenye begi.

Anayetoka maeneo ya baridi kama Njombe, au nje ya nchi, azungumze na daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari. Homa ikitokea hata wiki kadhaa baada ya kurudi, apime malaria na aseme kwamba alikuwa Kilombero. Hapo Ifakara kuna Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko kwa dharura.

Majini nako

Mto una mamba na viboko. Mtumbwi wa kuchonga ni chombo kizuri mikononi mwa mvuvi mwenye upondo, lakini hausamehei abiria anayesimama ili apige selfie. Kanuni ni chache:

- Boya la kuvaa, hata kama mvuvi mwenyewe havai. Madukani si rahisi kulipata, kwa hiyo litoke mjini unakotoka.
- Safari ianze asubuhi na iishe kabla jua halijaanza kuzama. Jioni viboko hutoka kwenda kula.
- Hakuna kuoga wala kuchezea maji yaliyotuama, kwa sababu ya kichocho.
- Maji ya kunywa yabebwe.

Simu na mpango wa pili

Mtandao bondeni si wa kutegemea, na umeme kwenye dungu haupo. Ramani ipakuliwe mapema, pawabenki ijazwe, na mtu mmoja mjini aachiwe jina la mwenyeji na saa ya kurudi.

Maji yakikataa, safari haijaharibika. Mang'ula, njiani kabla ya Ifakara, ndiko lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa 1992. Maporomoko ya Sanje, yenye kimo cha mita 170 hivi, yanafikika kwa miguu ndani ya siku moja. Na wapenzi wa ndege wanaweza kumtafuta kwera wa Kilombero kwenye matete karibu na mto; ndege huyu alitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 1990 na makazi yake ni bonde hili.

Kabla ya kuondoka, kuna wali wa mpunga wa hapa hapa na perege au kambale aliyevuliwa usiku. Anayeula baada ya kushinda siku kwenye dungu, akisaidia kufukuza ndege, ataelewa kwa nini mwenye shamba halali vizuri hadi gunia la mwisho lifike nyumbani Lipangalala.