Mstari Mnyoofu na Dripu ya Mtoto

Mwanafunzi anayefundishwa kutafuta mlinganyo wa mstari kwa nukta na mteremko huenda akajiuliza hesabu hiyo itamfaa wapi. Jibu mojawapo limo katika wodi ya watoto.

Mtoto asiyeweza kunywa, kwa mfano anayesubiri upasuaji, hupewa maji kupitia mshipa wa damu. Mwaka 1957 madaktari wawili wa Marekani, Malcolm Holliday na William Segar, walichapisha kanuni ya kukadiria mahitaji yake kwa siku. Mtoto wa kilo 10 hukadiriwa kuhitaji mililita 1,000. Kila kilo inayozidi hapo, hadi kufikia kilo 20, huongeza mililita 50.

Maelezo hayo mawili yanatosha kuupata mstari. La kwanza ni nukta: (10, 1,000). La pili ni mteremko, yaani ongezeko la maji kwa kila kilo: 50. Uzito ukiitwa x na maji y, basi maji yameongezeka kwa y − 1,000, na uzito kwa x − 10. Ongezeko la maji ni mara 50 ya ongezeko la uzito:

y − 1,000 = 50(x − 10)

Mabano yakifunguliwa, hupatikana y = 50x + 500. Kwa mtoto wa kilo 14, y ni 1,200, sawa na mililita 50 kwa saa.

Hatari ipo katika kuukumbuka mteremko na kuisahau nukta. Anayezidisha 50 kwa 14 hupata 700, na mtoto hupungukiwa nusu lita. Anayetumia 100, ambao ni mteremko wa watoto wasiozidi kilo 10, hupata 1,400. Maji yakizidi, chumvi katika damu huweza kupungua na ubongo ukavimba.

Kuanzia kilo 20 mteremko huwa 20, na nukta mpya ni (20, 1,500):

y − 1,500 = 20(x − 20), yaani y = 20x + 1,100

Usahihi huhakikiwa kwa kuweka 20 mahali pa x: milinganyo yote miwili hutoa 1,500.

Kanuni hii haiwahusu watoto wachanga, wala haifidii maji yaliyopotea kwa kuhara au kutapika. Hayo daktari huyakadiria peke yake, baada ya kumpima mtoto.